Safari ya meli hadi Antaktika: gharama, sheria na hatari zake kwa mtu wa Pwani

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

KILA mwaka kati ya Julai na Septemba, upepo wa kusi unapovuma, bahari ya Tanzania hupokea mgeni asiyehitaji viza wala hati ya kusafiria. Mgeni huyo ni nyangumi wa nundu, mnyama anayefikia urefu wa mita 15 na uzito wa tani 30, ambaye huja kuzaa na kunyonyesha katika maji ya uvuguvugu ya pwani ya Afrika Mashariki.

Wavuvi wa Unguja, Mafia na pwani ya Kenya wanamfahamu. Humwona akirusha maji juu kwa pumzi yake, au akiruka na kujibwaga kwa kishindo kinachosikika mbali.

Kisichofahamika kwa wengi ni mahali anakotoka. Nyangumi huyo hupata karibu chakula chake chote cha mwaka katika bahari inayoizunguka Antaktika, bara la barafu lililo kwenye ncha ya kusini ya dunia. Huko hujaza tumbo kwa viumbe wadogo wanaofanana na uduvi tunaouanika juani huku kwetu, kisha husafiri maelfu ya kilomita kuja kuzaa mahali ambapo yeye mwenyewe hapati chakula cha maana.

Katika miaka ya karibuni binadamu naye ameizoea njia ya barafuni. Mwaka 1966 mfanyabiashara mzaliwa wa Sweden, Lars-Eric Lindblad, alipeleka kikundi cha kwanza cha wasafiri katika mtindo ambao leo unaitwa safari za uchunguzi: meli ndogo, wataalamu wa wanyama na historia ndani yake, na abiria wanaoteremshwa nchi kavu kwa boti badala ya kutazama kutoka sitahani. Leo zaidi ya watu 100,000 hufika Antaktika kwa meli za kitalii katika msimu mmoja.

Je, mtu wa Mbegani, Bagamoyo au Dar es Salaam anaweza kuwa miongoni mwao? Jibu ni ndiyo, lakini milango iliyo wazi ni miwili: ama aende kama abiria anayelipa, ama aende kama baharia anayelipwa. Mlango wa tatu, wa mwanasayansi, upo pia lakini ni mwembamba zaidi.

Tuanze na abiria, ingawa ndiye aliye nadra zaidi katika mazingira yetu.

Jambo la kwanza analopaswa kulijua ni majira. Yeyote aliyekulia pwani anaelewa kuwa chombo hakiendi popote wakati wowote, bali hufuata kaskazi na kusi. Meli za barafuni nazo ni hivyo hivyo. Zinakwenda Antaktika kuanzia Novemba hadi Machi, wakati kaskazi inavuma huku kwetu na kule ni kiangazi. Kuanzia Juni hadi Septemba, nyingi kati ya meli hizo hizo huwa upande wa pili wa dunia, katika bahari ya Aktiki. Kati ya misimu hiyo baadhi hupitia bahari za joto, na Zanzibar imekwisha kupokea meli za aina hiyo bila wenyeji wengi kujua kuwa ni za barafuni.

Bandari kuu ya kuondokea ni Ushuaia, mji ulio kusini kabisa mwa Argentina. Kutoka hapo meli huvuka mlango wa bahari wa Drake kwa muda wa siku mbili kabla ya kuifikia rasi ya Antaktika. Mlango huo una sifa mbaya miongoni mwa mabaharia, kwa sababu hakuna nchi kavu inayouzuia upepo kuizunguka dunia nzima. Kukiwa na dhoruba, mawimbi ya mita nane na zaidi si ajabu. Aliyewahi kutapika kwenye boti ya Zanzibar siku ya kusi kali ajue kwamba ile ilikuwa saa mbili tu.

Safari ya kawaida huchukua siku 10 hadi 12, kwenda na kurudi. Bei ya kitanda katika chumba cha watu wawili au watatu mara nyingi huanzia dola za Marekani 6,000 hivi, yaani takriban shilingi milioni 15, na hupanda haraka kwa anayetaka chumba chenye dirisha kubwa. Ndani yake mna chakula, malazi na kuteremshwa nchi kavu. Hamna nauli ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi Ushuaia, hamna viza, na hamna bima.

Bima si jambo la hiari. Kampuni nyingi hukataa kumpandisha abiria asiye na bima ya kugharimia kuhamishwa kwa dharura, kwa kuwa hospitali ya karibu iko mamia ya kilomita ng'ambo ya bahari. Wengi pia hudai fomu iliyojazwa na daktari. Mwenye ugonjwa wa moyo au ujauzito uliokomaa hana sababu ya kuificha hali yake; atakayelipia siri hiyo ni yeye mwenyewe.

Kuhusu viza, kuna jambo linalowashangaza wengi. Antaktika yenyewe haina viza kwa sababu haina mwenyewe. Mkataba uliotiwa saini mjini Washington tarehe 1 Desemba 1959 na mataifa 12, Afrika Kusini ikiwamo, uliyaweka kando madai yote ya umiliki na kulitenga bara hilo kwa shughuli za amani na sayansi. Tanzania si mwanachama wa mkataba huo. Hata hivyo, raia wake hazuiwi kufika, kwa kuwa kibali huombwa na kampuni ya meli katika nchi mwanachama. Mtanzania anachohitaji ni viza ya Argentina, na ubalozi wa nchi hiyo ulio karibu uko Nairobi. Aulize mapema pia kuhusu viza ya kupita katika nchi ambako atabadilisha ndege.

Upande wa kaskazini kuna jambo jingine la kustaajabisha. Visiwa vya Svalbard, vilivyo chini ya Norway kwa mkataba wa mwaka 1920, havidai viza kwa raia wa nchi yoyote duniani. Tatizo ni njia. Kwa kawaida msafiri hulazimika kupitia Norway bara, hivyo huhitaji viza ya Schengen, tena ya kuingia mara mbili, maana akienda Svalbard huhesabiwa kuwa ametoka katika eneo la Schengen na akirudi anaingia upya. Watu wamekwama kwa kutojua jambo hilo dogo.

Svalbard ndiko anakopatikana dubu mweupe, ambaye hayuko kabisa Antaktika, kama vile ngwini hayuko Aktiki. Sheria zake zimekazwa. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2025, meli inayoingia katika hifadhi za visiwa hivyo hairuhusiwi kuwa na abiria zaidi ya 200, na mtu haruhusiwi kumkaribia dubu kwa chini ya mita 300. Kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni umbali huo ni mita 500.

Turudi kusini, ambako kanuni za nchi kavu zinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndizo zinazoitofautisha safari hii na utalii tuliouzoea.

Mwaka 1991 kampuni zinazopeleka watalii Antaktika ziliunda umoja wao, na katika mwaka huo huo nchi za mkataba zilitia saini mjini Madrid itifaki ya kuyalinda mazingira ya bara hilo. Kwa utaratibu uliopo, meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu. Zilizo ndogo hushusha watu wasiozidi 100 kwa wakati mmoja mahali pamoja. Wengine husubiri zamu yao melini.

Kabla ya kushuka, viatu husuguliwa na kuoshwa kwa dawa, na mifuko ya makoti hufyonzwa kwa mashine ili isibebe hata mbegu moja ya majani. Nchi kavu hakuna kula, hakuna kujisaidia, wala kuokota jiwe la ukumbusho. Ngwini hakaribiwi kwa chini ya mita tano. Yeye mwenyewe akikufuata, unasimama kimya umpishe njia. Tangu mafua makali ya ndege yalipofika katika eneo hilo mwishoni mwa mwaka 2023, abiria hukatazwa hata kukaa au kupiga magoti ardhini.

Mtu aliyeona jinsi boti zinavyowakimbiza pomboo wa Kizimkazi, kila moja ikitaka wateja wake wapate picha, atatamani kanuni ya mita tano ivuke bahari na kufika kwetu.

Kushuka kwenyewe ni kwa boti za mpira zenye injini, watu kumi hivi kwa kila boti. Boti huelekezwa ufukweni, abiria huvuka ubavuni na kukanyaga maji ya magotini hadi nchi kavu. Mzee wa Bagamoyo aliyezoea kushuka mashuani kwa namna hiyo hataona ajabu. Tofauti ni kwamba maji ya bahari kule yanakaribia nyuzi sifuri, na mtu akitumbukia bila vazi maalumu, mikono humwishia nguvu katika dakika chache.

Hali ya hewa ya kiangazi katika rasi ya Antaktika si mbaya kama wengi wanavyodhani, kwani joto huchezacheza karibu na nyuzi sifuri. Kinachoumiza ni upepo. Siri ni kuvaa nguo nyepesi nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, badala ya koti moja zito. Jambo hilo wapagazi wa Kilimanjaro wanaweza kumfundisha mtu bila malipo, na makoti ya mitumba yanayouzwa Moshi kwa wapanda mlima yanatosha kabisa kwa kuanzia. Kampuni nyingi humpa abiria koti la nje.

Msomaji Mwislamu atauliza kuhusu swala, na ni swali la haki. Katika rasi ya Antaktika, meli nyingi zinakoishia, jua la Desemba huzama kwa saa chache tu na giza kamili halifiki. Kule Svalbard jua halizami kabisa tangu mwishoni mwa Aprili hadi karibu na mwisho wa Agosti. Masheikhe wengi wamefundisha kuwa mahali ambapo usiku na mchana havitengani, muumini afuate nyakati za mji wa karibu ambako vinatengana, au nyakati za Makka. Ni vyema kumuuliza sheikhe kabla ya safari, na kuiarifu kampuni mapema kuhusu chakula cha halali. Hata saa zetu za Kiswahili, zinazoanza kuhesabiwa jua linapochomoza, hupoteza maana huko. Mtu hana saa moja asubuhi ambapo jua halikuzama.

Sasa tuje kwenye hatari, ambayo ndiyo sura isiyochapishwa katika vitabu vya rangi vya mawakala.

Mtaalamu wa kuunda vyombo anajua kuwa ubavu wa chombo hujengwa kwa bahari itakayokwenda. Jahazi la misumari linalostahimili mawimbi ya kusi lingevunjwa na barafu kama yai. Ndivyo ilivyokuwa kwa Endurance, meli ya Mwingereza Ernest Shackleton, iliyobanwa na barafu hadi ikazama Novemba 1915. Mabaki yake yalipatikana tarehe 5 Machi 2022 katika kina cha mita 3,008, na meli iliyowabeba waliyoyapata ni ya Afrika Kusini, S.A. Agulhas II. Kinyume chake, Fram, meli iliyompeleka Mnorway Roald Amundsen, mtu wa kwanza kufika ncha ya kusini Desemba 14, 1911, iliundwa na tumbo la mviringo ili barafu ikiibana iisukume juu badala ya kuipasua.

Chuma cha leo ni kigumu zaidi, lakini barafu haijabadilika. Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2007, meli ya kitalii Explorer, ile ile ambayo Lindblad aliijengesha mwaka 1969 kwa ajili ya safari hizi, iligonga barafu karibu na visiwa vya Shetland ya Kusini na kuanza kuingiza maji. Ilikuwa na watu 154. Wote waliingia katika boti za uokoaji, wakakaa humo kwa saa kadhaa katika baridi, kisha wakaokolewa na meli ya Norway iitwayo Nordnorge. Explorer ilizama siku hiyo hiyo. Hakufa mtu.

Taifa lililozika watu wake wa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Spice Islander mwaka 2011 lina haki ya kuuliza kwa nini. Sehemu ya jibu ni bahati: bahari ilikuwa shwari na meli nyingine zilikuwa si mbali. Sehemu kubwa, hata hivyo, ni mambo ya kawaida yasiyohitaji bahati. Idadi ya waliomo ilijulikana, kila mmoja alikuwa na nafasi yake katika boti za uokoaji, na chombo hakikujazwa kupita kiasi. Uchunguzi wa Liberia, nchi ambako meli hiyo ilisajiliwa, haukumwonea haya nahodha: uamuzi wake wa kuingia katika uwanja ule wa barafu ulitajwa kuwa chanzo kikuu cha ajali.

Tangu Januari 1, 2017 meli zinazokwenda maeneo hayo zinabanwa na kanuni maalumu za kimataifa kuhusu ujenzi wake, vifaa vya kuokolea na mafunzo ya mabaharia. Hilo halikuzimaliza ajali. Septemba 2023 meli Ocean Explorer, yenye watu 206, ilikwama mchangani kaskazini-mashariki mwa Greenland na kukaa siku tatu kabla ya kuvutwa. Abiria anayechagua kampuni asione aibu kuuliza meli ina daraja gani la kuhimili barafu, na kama kuna meli nyingine itakayokuwa karibu.

Kwa vijana wengi wa pwani, hata hivyo, shilingi milioni 15 ni hadithi. Mlango wao ni ule wa pili.

Hapa ndipo Mbegani inapoingia. Chuo cha Uvuvi kilichopo kijijini hapo, kusini mwa mji wa Bagamoyo baada ya magofu ya Kaole, kilikuzwa kwa msaada wa Norway, nchi ya huyo huyo Amundsen, na tangu mwaka 2011 kiko chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Vizazi kadhaa vimejifunza hapo kuvua, kuendesha vyombo na kuvitengeneza.

Wala pwani hii si ngeni kwa misafara ya uchunguzi. Burton na Speke walishuka karibu na Kaole Juni 1857 wakielekea maziwa makuu. Februari 1874 Susi na Chuma waliufikisha Bagamoyo mwili wa Livingstone baada ya safari ya miezi mingi kwa miguu. Nao ncha za dunia zimeona Waafrika. Mmarekani mweusi Matthew Henson alikuwa pamoja na Robert Peary katika msafara wa ncha ya kaskazini mwaka 1909, na Mtogo Tété-Michel Kpomassie, aliyesoma kuhusu Greenland akiwa kijana, alisafiri na kufanya kazi kwa miaka mingi nchi baada ya nchi hadi akaifikia mwaka 1965.

Lakini kijana wa leo asiondoke kwa mtindo wa Kpomassie. Anahitaji vyeti. Cheti cha uvuvi pekee hakitoshi kwa meli ya abiria. Lazima awe na mafunzo ya msingi ya usalama yanayotambuliwa kimataifa, yaani kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama kazini, mafunzo yanayotolewa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Awe pia na cheti cha afya na kitabu cha baharia. Manahodha na maofisa wa sitahani wanaoingia bahari za barafu hudaiwa juu ya hayo mafunzo maalumu ya ncha za dunia, yaliyowekwa kisheria tangu Julai 1, 2018. Mpishi, mhudumu wa chumba au baharia wa kawaida hadaiwi kiasi hicho, na kazi za namna hiyo ndizo nyingi zaidi melini.

Mwenye uzoefu wa kuendesha boti ndogo katika mawimbi ya ufukweni ana kitu cha kujivunia mbele ya waajiri. Kiingereza chake lakini kiwe cha kueleweka, maana amri ya dharura hairudiwi mara mbili.

Na hapa pana mtego. Wapo wanaozunguka mitaani na katika simu wakiahidi ajira kwenye meli za kitalii, mradi mwombaji atume kwanza fedha za usajili. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2019, uko wazi kabisa: baharia halipi ada ya kutafutiwa kazi. Gharama anazoweza kubeba ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na hati ya kusafiria. Viza ni juu ya mwenye meli. Anayedai zaidi ya hapo hana meli.

Waajiri hupanga mabaharia wa msimu wa kusini miezi kadhaa kabla, wakati huku kusi ikiwa bado inavuma na nyangumi wakiwa na watoto wao karibu na visiwa vyetu. Kufikia Novemba, meli zinapoanza kuvuka Drake, nyangumi hao huwa tayari wamekwishashika njia ya kurudi huko huko.